Watu wa Sentimita Mbili

Wacha nianze na kosa langu. Nilipoamua kutengeneza modeli ya reli ya vita ya Voi, kitu cha kwanza kuniingia kichwani kilikuwa zile injini kubwa za Garratt, zile ambazo ukienda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi lazima upige nazo picha. Nikaanza kukata moja kwa kadibodi. Wiki mbili nzima, kila jioni nikitoka kazini. Halafu nikaja kusoma kwamba Garratt za kwanza zilifika Kenya mwaka 1926, na ile niliyokuwa nikiikata mimi ni ya miaka ya 1950. Vita vyangu ni vya 1915. Yaani ni kama kutengeneza filamu ya Mau Mau halafu mtu anatoa simu mfukoni kutuma M-Pesa.

Kadibodi yote ikaenda kwa taka. Kilichonishangaza ni vile niliumia. Hakuna mtu angejua. Marafiki wanaokuja kwangu hawajui hata kama reli ya kwenda Taveta ilikuwepo, sembuse injini iliyoivuta. Lakini mimi ningejua, na kila nikiitazama ningeona ule uongo umekaa pale juu ya reli. Hapo ndipo nilielewa kwamba nimeshakuwa mmoja wa wale ambao wenzao huwatania kwa jina la wahesabu ribiti: watu wakiona injini ndogo ya dukani, kwanza wanahesabu kama ribiti za ubavuni zimetimia.

Kwa ambaye hajawahi kuona, modeli ya reli ni dunia ndogo inayofuata hesabu. Skeli yangu ni 1:87. Kila kitu halisi nakigawanya kwa 87. Reli zetu za zamani zilikuwa za upana wa mita moja, kwa hivyo kwangu zinafaa kuwa milimita kumi na moja na nusu hivi. Reli unazoweza kununua ni za milimita 12. Ile nusu milimita ilininyima usingizi siku mbili. Ukiizidisha kwa 87 inakuwa zaidi ya sentimita nne, na garimoshi halisi kwenye reli iliyopanuka sentimita nne limeanguka. Nikaamua kuvumilia. Udongo niliuleta kutoka Voi kwenyewe, mwekundu kabisa, nikauchunga kwa kichungi cha chai, halafu nikapitisha sumaku juu yake kwa sababu chembe za chuma zikiingia kwa mota ya injini zinaiua. Vichaka ni katani na majani ya chai yaliyokwisha tumika. Yote iko kwenye rafu ndefu ukutani mwa bedsita yangu, juu ya kitanda.

Sasa, reli yenyewe. Agosti 1914 vita vilipoanza, Wajerumani wa upande wa Kilimanjaro walivuka na kuiteka Taveta. Kutoka pale, vikundi vyao vidogo vilianza kupita nyika isiyo na maji hadi kwenye Reli ya Uganda, vikitega baruti usiku na kutoweka. Waingereza wakajibu kwa doria, na kwa kusukuma behewa mbele ya injini ili kama kuna baruti, behewa life kwanza. Lakini dawa yenyewe ilikuwa kuwafuata Wajerumani huko huko walikotoka, na jeshi haliwezi kuvuka nyika ile bila maji na chakula. Kwa hivyo mwaka 1915 wakaanza kulaza reli kutoka Voi kwenda magharibi, kupitia Mwatate na Bura. Kampuni mbili za reli za wahandisi wa jeshi la India ndizo zilizoongoza kazi. Katikati ya mwaka walikuwa Maktau, wakavuta na bomba la maji kutoka milima ya Bura. Reli ikasimama hapo hadi Januari 1916, ikaendelea Mbuyuni, ikapita Taveta, na mwishowe ikaungana na reli ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Ziliungana bila shida kwa sababu na ile nayo ilikuwa ya upana wa mita moja. Maadui wawili, upana mmoja. Mtu wa modeli akisoma kitu kama hicho anafurahi kama mtoto.

Mimi nilichagua Maktau, mwishoni mwa 1915, mahali ambapo reli inaishia. Injini ndogo za daraja la F, zile za magurudumu sita zilizokuwepo tangu reli kuu inajengwa miaka ya 1890. Mabehewa ya wazi. Mahema. Tangi la maji. Niliposoma kila nilichopata, nikaenda hadi Maktau yenyewe, nikatembea kando ya ile njia ya reli isiyotumika, nikapiga picha za mawe. Nikaona makaburi ya askari wa Kihindi, madogo, yametunzwa vizuri, yamezungukwa na nyika. Madereva wa watalii upande huo hupenda kuonyesha mbuyu ambao hadithi inasema mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwapiga risasi Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Hiyo hadithi kila mtu anaijua.

Miezi saba baadaye nilikuwa nimemaliza. Nikawasha umeme, injini ikavuta mabehewa manne hadi Maktau, ikasimama. Nikalala kitandani nikiitazama. Ilikuwa nzuri. Na kulikuwa na kitu kibaya ambacho sikukipata mara moja, mpaka nilipogundua kwamba mabehewa yamefika yakiwa yamejaa na hakuna mtu wa kuyapakua.

Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa simu pale Luthuli ambaye alinisaidia na nyaya, aliniambia niache kujisumbua. "Manze, umetengeneza reli. Hukusema unatengeneza vita." Hiyo hoja si ya kupuuzwa. Waswisi wanatengeneza modeli za reli zao za milimani bila kuweka wafanyakazi waliokufa wakichimba zile handaki, na hakuna anayewaita waongo. Kila modeli inaacha kitu. Mimi mwenyewe nimeacha harufu, joto, mbung'o. Kwa nini watu wawe tofauti?

Nilizunguka na hilo swali muda mrefu. Jibu nililofikia ni hili. Ribiti ikikosekana, injini bado inaeleweka ni injini. Lakini reli ya vita inayoishia nyikani haieleweki kabisa bila kujua nini kilitokea hatua kumi mbele ya mwisho wake. Reli ile ilijengwa ili mizigo ifike mahali fulani, na kutoka hapo mizigo ikapanda kwenye mabega ya watu. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda. Magari yalikuwa machache na barabara hakuna. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi, na sehemu ya kile kilichobebwa ilikuwa chakula cha wapagazi wenyewe. Kwa hivyo reli na mabega ni mashine moja. Nilikuwa nimetengeneza nusu ya mashine kwa usahihi wa milimita, halafu nikaita hiyo nusu ukweli.

Tena nilikuwa nimeifanya bila nia mbaya, ndio maana inanisumbua. Picha za wakati ule zinakusaidia kukosea. Maelezo yake mara nyingi yanamtaja ofisa, yanataja kikosi, hata injini inatajwa. Waliobaki kwenye picha ni watu tu, wamesimama pembeni. Mimi nilikuwa nazikuza zile picha kwenye simu nione bomba la injini limekaa wapi, na uso wa mtu ulioziba bomba ulinikera. Nakumbuka kabisa nikisema moyoni, huyu naye angesogea kidogo.

Hata ule utupu wa nyika, ambao niliusifu kama mandhari halisi, sio wa kuaminiwa. Mwaka huo huo wa 1915, baada ya Wajerumani kuuteka mlima Kasigau kusini mwa Voi, serikali ya kikoloni iliwalaumu wenyeji kwamba walisaidia adui, ikawaondoa makwao na kuwapeleka Malindi. Mahali pakiwa patupu kwenye picha, inafaa uulize nani alipatupisha.

Ninajua siko peke yangu kwenye hii shida. Huko Ujerumani, ambako modeli za reli ni kitu cha baba na mtoto, wao hugawanya historia ya reli kwa vipindi, na kipindi cha pili kinafika hadi miaka ya 1940. Watu wananunua mabehewa ya kipindi hicho, yamepakwa rangi vizuri, na yule tai wa serikali ubavuni. Swastika chini ya tai imeachwa, kwa sababu sheria yao inakataza kuonyesha alama hiyo. Ninaielewa sheria. Lakini behewa linabaki safi ajabu. Linazunguka sebuleni, limebeba makaa.

Na zile reli zangu za milimita 12, sanduku lile lile, zingetosha pia kutengeneza reli ya Burma na Siam, ile Wajapani waliijenga 1942 na 1943. Nayo ilikuwa ya mita moja. Kilomita 415 msituni. Wafungwa wa kivita wa Waingereza, Waholanzi, Waaustralia na wenzao waliokufa pale ni kama 12,000 na zaidi, na majina yao yamechongwa kwenye makaburi. Vibarua wa Kiasia waliokufa wanakadiriwa kuwa 90,000 au zaidi, na hao majina hayapo. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja unaanza kuona kwamba nani anahesabiwa kwa jina na nani kwa makadirio lilishaamuliwa kabla hata mtu hajafa.

Hapa kwetu ni vilevile. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanasema idadi halisi ni karibu na 100,000, wengi wao wakiuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, sio risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tunapita chini yake tukikimbilia basi. Na ukienda Kariokor kununua kiondo au viatu vya ngozi, jina la soko ni lile jina la kikosi, Carrier Corps, lililolainishwa na midomo ya watu.

Nikaamua kuweka watu.

Ukitafuta watu wa 1:87, unachopata ni pakiti ya watu mia moja kutoka Uchina. Wanaume wa suti, wanawake wenye mikoba, mmoja ameshika mwavuli. Kila mmoja ana urefu wa sentimita mbili. Wazungu wote. Nikawakata kofia na mikoba kwa kisu cha karatasi, nikawavua makoti kwa kuwakwangua, nikawapaka rangi upya. Hiyo kazi ni ya kutatiza. Unamshika mtu mdogo kwa kibanio, unampaka rangi ya ngozi yako, na unajiuliza unafanya nini hasa. Mzigo wa kilo 25 kwa skeli hii ni kipande cha kijiti kisichofika punje ya mahindi.

Nilipofika wa thelathini mkono ukachoka, nikafanya hesabu ambayo afadhali nisingeifanya. Ukiwapanga hawa watu bega kwa bega, kila mmoja anachukua sentimita moja. Wale 40,000 wa idadi rasmi ni mita 400. Hiyo ni raundi moja kamili ya uwanja wa riadha. Wale 100,000 wa wanahistoria ni raundi mbili na nusu, kilomita moja. Na reli yote kutoka Voi hadi Taveta, zaidi ya kilomita 100, kwa skeli yangu ni kilomita moja na kitu. Unaweza kupanga waliokufa kando ya reli, kila sentimita mtu, karibu safari nzima. Wao hawakufa kwenye reli hiyo, wengi walifia mbali kusini, najua. Nasema tu urefu.

Mimi niliweka thelathini.

Na hapo swali likageuka, likanitazama mimi. Kwa sababu kuwaweka pia si jambo safi. Nani aliniruhusu? Nimewaweka wakiwa wameinama chini ya mizigo, na watabaki wameinama kwenye rafu yangu mpaka siku nihame. Hawatafika. Ningewaweka wamesimama wima, wanacheka, ningekuwa nimedanganya upande mwingine. Halafu kuna ile raha. Nikikwambia ukweli, siku nilipomaliza kuwagundisha nilijihisi mtu mzuri. Nilikuwa nimetenda haki kwa brashi na gundi, jioni tatu, nikisikiliza muziki. Raha ya namna hiyo ninaiogopa kuliko ule utupu wa mwanzo. Angalau utupu haukunisifu.

Mwezi wa pili nyanya yangu alikuja Nairobi kwa ajili ya macho. Ni mtu wa Mwatate. Amekua akisikia treni ya Taveta ikipita. Akalala kwangu siku nne, yaani alilala kitandani mimi nikalala chini, na juu yake ilikuwa Maktau. Nilitaka aione kwa sababu ya reli. Nilidhani atafurahia injini.

Injini hakuiangalia sana. Alisogeza uso karibu kabisa, kama dokta alivyomfundisha, akawatazama wale watu mmoja mmoja.

"Hawa ni kina nani?"

"Ni wapagazi, nyanya. Wa vita vya kwanza."

Akanyamaza. Halafu akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kunitajia. Babake alikuwa na kaka mkubwa. Kijana tu. Alichukuliwa mwaka 1917, ule mwaka serikali ilipokusanya wapagazi kwa nguvu nchi nzima, na hakurudi. Hakuna barua iliyokuja. Babake nyanya alikuwa mdogo, na hadi amezeeka akisikia treni inapunguza mwendo alikuwa anatoka nje. Jina la huyo kaka nyanya analo. Aliniomba nisiliandike mahali, kwa hivyo siliandiki.

"Yuko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba hayuko. Nikamwambia hii ni Maktau ya 1915, na yeye alichukuliwa 1917, na mwaka huo vita vilikuwa vimeshahamia kusini kabisa, pande za Kilwa na Lindi. Kama alifariki, alifariki huko. Niliyasema haya yote kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Nyanya akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa mjukuu wangu. Na huyu mbona hapumziki?"

Alikuwa anaonyesha mmoja wa mwisho, yule niliyemweka karibu na mbuyu. Sikuwa na jibu. Akasema, "Mtue huo mzigo. Mkalishe hapo chini ya mti."

Kwenye pakiti kulikuwa na watu wachache waliokaa, wale wa kuwekwa ndani ya mabehewa ya abiria. Usiku ule, yeye akiwa amelala, nikakata mmoja, nikampaka rangi, nikamweka chini ya mbuyu. Nikaweka mzigo wake kando.

Tuseme ukweli, ni kosa lile lile la Garratt. Mtu wa 1917 amekaa ndani ya 1915, mahali ambapo sina ushahidi wowote kwamba aliwahi kupita, anapumzika wakati hakuna aliyepumzika. Kwa Garratt nilitupa kazi ya wiki mbili. Huyu nimemwacha. Nimejaribu kutafuta kanuni itakayoruhusu mmoja na kukataza mwingine, na kila nikiikaribia inanitoroka. Nadhani inahusiana na nani aliomba. Injini sikuombwa na mtu. Niliitaka mimi, kwa sababu ni kubwa na inapendeza.

Asubuhi nyanya aliamka, akavaa miwani, akamwangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Akaomba chai.

Huyo mmoja sikumgundisha. Treni ikifika Maktau rafu inatetemeka kidogo, naye anaanguka ubavu. Nasimamisha treni, namkalisha tena.